Shamba Lililoungua Chini kwa Chini

Mwaka baba alipopunguzwa kazi kiwandani Nyakato, alirudi nyumbani na baiskeli, blanketi moja na hasira za kutosha ukoo mzima. Tulikaa upande wa Nyegezi, ziwani kabisa, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kinamasi cha mafunjo ambacho hakuna aliyekuwa na haja nacho isipokuwa vyura. Baba alikiangalia wiki nzima. Kisha akasema, "Hili ni soko huria. Mjini watu wanataka kabichi. Tutalima pale."

Mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, hakubisha. Shamba letu la mlimani lilikuwa limechoka, limebaki mawe. Bondeni kukishindikana, hatukuwa na pengine pa kula.

Majirani wakaja na majembe, wakachimba mitaro kwa kufuata ngoma kama desturi, tukawalisha ugali. Maji yakakimbilia ziwani. Udongo uliobaki ulikuwa mweusi, mwepesi, umejaa nyuzi za mizizi. Ukiufinya unakuwa kama makapi ya chai. Kiangazi kilipoukausha, baba akafanya kile anachofanya kila mtu kwetu kabla ya kulima: akachoma. Mlimani unachoma mabua, moto unakula, unakufa, nawe unapanda mbegu. Nani angetuambia kwamba kule chini udongo wenyewe ulikuwa mafunjo yaliyooza tangu enzi za mababu?

Moto wa juu ulizimika siku ileile. Moshi ukabaki.

Ulitoka ardhini taratibu, bila mwali, leo hapa, kesho kule. Asubuhi nikishuka pekupeku kuchota maji nilisikia joto nyayoni, na chini yangu kitu kinatafuna. Naapa, kinatafuna! Vyura walikuwa wamenyamaza wote. Kuku wa jirani, wajinga wale, wakahamia huko kuota joto. Niliogopa mpaka nikawa nazunguka njia ya mbali, na ndoo kichwani, nikilaani kila hatua.

Mayu akimwaga maji, ardhi inafanya chiii, moshi unaibukia nyuma yake. "Acha kunichezea!" aliiambia ardhi, kwa sauti ileile aliyotufokea sisi watoto.

Majirani walisema ni mizimu. Baba akacheka kwa uchungu. "Mizimu gani hii inafanya kazi bila likizo?"

Upande wa karibu na ziwa haukuwa na moshi, kwa hiyo tukapanda kabichi huko, tukamwagilia asubuhi na jioni. Zikashika, zikaanza kufunga. Baba akaanza tena kupiga mluzi. Siku moja napalilia, nikashika kabichi moja ili nipitishe jembe, ikanifuata mkononi. Haikukataa hata kidogo. Juu ilikuwa na umande, chini haina mzizi hata mmoja, ni majivu ya moto. Nikapiga yowe. Baba akaja mbio, akang'oa nyingine, na nyingine, zote zinamfuata tu. Kisha ardhi ikafunguka, mguu wake wa kulia ukazama hadi gotini.

Tulipomvuta, ngozi ilikuwa imebabuka. Mayu alilia waziwazi, na haukuwa mguu peke yake aliokuwa anaulilia.

Moto ulikufa mvua zilipokuja. Shamba lilikuwa limeshuka. Pale tulipokuwa tunaingia kwa hatua ya kawaida, sasa ilibidi uruke. Maji ya ziwa yakarudi kwa mitaro ileile tuliyochimba wenyewe, yakatulia juu yake, meusi. Baba alikuwa anakaa ukingoni na mguu wake uliofungwa kitambaa, akiuliza udongo umekwenda wapi. Hakuna aliyeubeba. Hakukuwa na tuta popote.

Shangazi, dada yake baba, akaja kwa kivuko kutoka Sengerema kumpa pole. Alimkuta palepale ukingoni. Shangazi alikuwa anakohoa hata kabla hajamaliza salamu.

"Shikamoo kaka. Pole sana. Lakini hebu niambie, jamani. Kiangazi chote upepo ukitoka huku kwenu unatuletea moshi. Nguo zinanuka, watoto wanakohoa, jua lenyewe jekundu. Mlikuwa mnachoma nini?"

Baba hakumtazama. Alikuwa anaangalia ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema.

"Shamba," alisema.