Sekunde za Mama Mizani

Fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye mashine yake hukaa barazani na masikio yake hukaa mtaa mzima, ndiye aliyeanza. Alikuwa amebana pini tatu mdomoni, lakini pini hazijawahi kumzuia kusema.

"Mama Kibonge, usije ukasema sikukwambia. Mama mkwe wako anaisomea ndege."

"Anaisomea nini?"

"Nitajuaje? Anasimama pale kwenye uzio wa uwanja, mikono nyuma. Ndege ikianza kukimbia, na midomo yake inaanza kukimbia. Ikishapaa anafuta jasho, anarudi zake ndani. Wamemwona watu wawili, na mmoja wao hata si mwongo."

Mama Kibonge alicheka, akamhamisha mtoto kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule, akachukua gauni alilolifuata, akaenda zake. Njiani kicheko kikamwishia. Jumamosi yeye na mwanawe walikuwa wapande ndege hiyohiyo.

Mumewe alikuwa fundi umeme ng'ambo ya ghuba. Alipoondoka, mtoto hakuwa na jino hata moja. Sasa anayo manne na anauma. Kwa barabara ni safari ya kutwa nzima, maana lazima uizunguke ghuba yote. Kwa ndege ni dakika ishirini na tano. Baba mtu alijinyima, akakata tiketi, akapiga simu: "Niletee mwanangu nimwone kabla hajaanza kuniita mjomba."

Mama mkwe wake alikuwa na jina lake zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia tena. Alikuwa Mama Mizani, kwa kuwa huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja akiwapima watu na mizigo yao kabla hawajapanda. Pale uwanjani aliingia na ufagio. Alifagia ukumbi miaka minne huku jicho moja likiwa kwa karani wa mizani, mpaka siku karani alipoacha kazi ghafla na ndege inasubiri. Akauegemeza ufagio ukutani, akachukua kalamu, na hakuna mtu aliyemwambia airudishe.

Uwanja wenyewe si wa kutisha. Ukumbi mmoja, viti vya plastiki vilivyopauka, feni inayozunguka pale inapojisikia, meza, na mizani ya kukanyaga yenye sahani ya chuma na mshale. Nje kuna njia moja ya lami. Mwisho wa lami ni uzio wa waya, nyuma ya uzio ni mawe, na nyuma ya mawe ni bahari. Ndege ina viti kumi na viwili, na ndege ya namna hiyo haitaki masihara. Rubani hupewa karatasi yenye kilo za kila mtu na za kila begi. Kwa karatasi hiyo anajua nani akae mbele, nani akae nyuma, na begi lipi lingoje safari ya jioni.

Na watu husema uongo juu ya kilo zao kuliko wanavyosema uongo juu ya umri. Kuna mwalimu mmoja aliyewahi kuvaa makoti matatu mchana wa joto ili begi lake lipungue uzito. Alisimama mbele ya Mama Mizani akiyeyuka kama mshumaa. Mama Mizani hakumfokea. Alimwambia tu, "Mwalimu, makoti nayo yanapanda ndege."

Jicho lake lilikuwa kali kuliko mshale. Mtu akiingia mlangoni, kabla hajakanyaga chuma, yeye alishajua ni kilo ngapi, na akikosea hakosei zaidi ya mbili. Siku moja foleni ilikuwa ndefu akaandika kwa jicho tu, bila kupima. Mkuu wa uwanja akamwandikia barua ya onyo: aandike anachokisoma kwenye mizani, asiandike anachokiona. Barua ile aliikunja mara nne akaiweka ndani ya mkoba wake, na tangu siku hiyo hakuandika namba yoyote ambayo mshale haukumwambia.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa kama ina mgonjwa. Mama Mizani alimimina chai akaisahau mpaka ikaota utando. Alimbeba Kibonge muda mrefu bila kusema naye, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa na hataki imwagike.

"Kwani hamwezi kupanda basi?" aliuliza siku ya Jumatano, huku anachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

"Kutwa nzima na huyu, mama? Atanila."

"Basi lina madirisha."

"Na ndege ina madirisha."

"Ya ndege hayafunguki."

Mama Kibonge alidhani bibi anaona wivu, hataki mjukuu aende kwa baba yake. Akamwonea huruma, akajiambia akifika huko atapiga simu kila jioni ili bibi asikie sauti ya mtoto.

Alhamisi alimpeleka mtoto kliniki kwa sindano. Muuguzi alimpima: kilo tisa na nusu, akaandika kwenye kadi. Akamwambia na mama mtu apande, maana anayenyonyesha naye huangaliwa. Sitini na moja. "Unakula vizuri," muuguzi akasema, na Mama Kibonge akaona haya kidogo, kama aliyesifiwa mbele za watu.

Wakati wa kurudi alipita njia ya uwanjani. Ndege ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kukimbia, na pale kwenye uzio alimwona mama mkwe wake, mikono nyuma, vilevile kama fundi cherehani alivyosema. Alimsogelea kwa nyuma taratibu ili asimshtue. Hapo ndipo aliposikia.

"Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na nne."

Haikuwa dua wala uchawi. Alikuwa anahesabu sekunde. Ndege ilikuja mbio kuelekea mwisho wa lami, pua yake ikitaka kuinuka na isiinuke. Ilipofika ishirini na saba magurudumu yakaachana na ardhi, karibu mno na uzio, hata majani yaliyoota kwenye waya yakalala. Mtoto akaficha uso wake kifuani kwa mama. Mama Mizani akafuta jasho kwa upande wa mtandio, na alipogeuka akawakuta wamesimama nyuma yake.

"Mama, unahesabu nini?"

"Nahesabu tu."

"Zamani ilikuwa inafika ngapi?"

Mama Mizani akasema, "Kumi na tisa," akatembea kurudi ukumbini upesi, kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Tangu hapo Mama Kibonge naye alikaa roho juu. Alikunja nguo za mtoto akazikunjua, akazikunja tena. Alitaka kumpigia mumewe simu, lakini angemwambia nini? Kwamba mama yako anahesabu? Mume angecheka. Alijikaza, akajiambia watu wanapanda ndege ile kila siku na wanafika.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti. Ule mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo ulining'inia kwenye mlingoti wake kama soksi iliyoanikwa. Mama Kibonge aliwahi kusikia nyumbani kwamba ndege hupenda upepo wa kuikabili, ndio unaoinyanyua. Akautazama ule mfuko, akatamani hata utikisike tu.

Viti vyote kumi na viwili vilikuwa na watu wake, na ajabu ni kwamba foleni ilikuwa na furaha. Mbele yake kulikuwa na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, pande la mtu, anayesafiri kila mwezi. Alikanyaga sahani, mshale ukaenda ukasimama, naye akashuka anacheka.

"Themanini na sita. Mwezi uliopita nilikuwa karibu na mia. Mke wangu aseme tena kwamba sijiangalii."

"Hata mimi nimepungua," alisema mama mmoja nyuma. "Na wala sijaacha chapati."

"Mizani ya wiki hii ina huruma," alisema mwingine, watu wakacheka.

Mama Mizani hakucheka. Aliandika bila kuinua kichwa, na kalamu yake ilikandamiza karatasi mpaka ikatoboa.

Ikafika zamu ya Mama Kibonge. Mtoto wa mkononi hapimwi peke yake, hupimwa na mama yake. Akaweka begi pembeni, akavua ndala, akapanda na Kibonge kifuani. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia.

"Sitini na mbili," Mama Mizani akasoma kwa sauti ndogo.

Mama Kibonge akatabasamu. Alidhani amepata cha kumchekesha mama mkwe wake, wiki nzima hakumwona akicheka. "Mama, juzi kliniki nilikuwa sitini na moja, na nilikuwa peke yangu. Kwa hiyo Kibonge ana kilo moja?"

Mfanyabiashara alicheka kwa nguvu. "Huyo? Huyo mashavu tu ni kilo mbili."

Lakini kalamu ya Mama Mizani ilikuwa imesimama, na uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa kijivu kama jivu la jana.

"Mtoto alikuwa ngapi?"

"Tisa na nusu. Imeandikwa kwenye kadi."

"Shuka. Panda tena."

Akashuka, akapanda. Sitini na mbili. Akapanda mara ya tatu. Mshale haukuona aibu, ulisimama palepale.

"Jamani, tusogee," mfanyabiashara akasema. "Kama kuna anayetaka kupungua zaidi, apungue akifika."

"Dakika moja tu, baba," Mama Mizani akamjibu, akamshika mkwewe mkono, akamwingiza kwenye chumba kidogo cha mafagio nyuma ya meza, akaurudisha mlango. Kulikuwa na harufu ya dawa ya sakafu. Kupitia kidirisha waliweza kumwona rubani, kijana mwembamba mwenye shati jeupe, akiizunguka ndege na kugonga matairi kwa kiatu.

"Jumatatu mvua ilivuja," Mama Mizani akasema. "Mimi na mfagiaji tukaiburuta mizani tuiondoe kwenye maji. Kwenye kile kizingiti mguu wake ukateleza, ikaanguka upande. Ililia kama sufuria. Tulipoiinua, mshale ukarudi kwenye sifuri. Nikasema, imepona."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mkataba wangu unaandikwa upya mwezi ujao. Mtu wa miaka hamsini na nane anayeangusha vitu, nani atamwandikia?"

Mama Kibonge alimbana mtoto zaidi. "Na jicho lako, mama? Wewe si huwa unajua?"

"Jicho lilinieleza. Yule baba ni kilo mia kasoro mbili, namjua miaka. Lakini si niliambiwa niandike ninachosoma? Nikasema labda jicho limezeeka."

"Ungepima kitu unachokijua. Mfuko wa sukari hata."

Mama Mizani akatazama mafagio. "Ningepima ningejua. Na ningejua ingenibidi niseme. Nikaona bora nihesabu."

Mama Kibonge aliishia darasa la saba, lakini hesabu hii haikuhitaji zaidi. Ikiwa yeye na mtoto wamepungukiwa kilo nane na nusu, na yule baba kumi na mbili, basi ukijumlisha watu wote na mabegi yao ni kama watu wawili wazima wameingia ndani ya ndege na rubani hawaoni. Leo ndege imejaa, na nje hakuna upepo. Alhamisi ilikuwa ishirini na saba, na uzio ulikuwa palepale.

"Nitasema mtoto ana homa," mama mkwe akasema, maneno yakimtoka upesi upesi. "Nendeni nyumbani. Jumatatu mtapanda basi. Hakuna atakayeuliza."

Miguu ya Mama Kibonge ilitaka kutii. Ilikuwa rahisi: kufungua mlango, kuchukua begi, kurudi nyumbani na mwanawe mzima mkononi. Na mshahara wa mama ungebaki, ule unaolipa chumba na maziwa, maana anachotuma mume hakifiki mwisho wa mwezi. Lakini kutoka ukumbini alisikia yule mama wa chapati akimwambia mtu kwenye simu aje ampokee, asichelewe, ana mizigo.

"Na hawa, mama?" aliuliza.

Nje rubani alimaliza kuizunguka ndege, akasimama kwenye kivuli cha bawa, akaangalia saa, halafu akaanza kuja ukumbini kuchukua karatasi yake. Alikuwa anapiga mluzi. Mama Mizani alimtazama akija, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mafagio. Mama Kibonge hakuwahi kumwona akiogopa kitu, hata siku walipomzika baba mkwe.

Bibi akatoa karatasi ya uzito kutoka kwenye ubao wa kuandikia aliokuja nao. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nina ombi."

"Sema, mama."

"Twende wote kwake, mimi na wewe na mtoto. Nitaanza mimi kusema. Nikifika katikati nikanyamaza, usinionee haya na usinihurumie. Malizia wewe."