Acha Kinu, Beba Mtoto

Jumamosi iliyopita nilipanda pikipiki kutoka Uvira hadi kijijini kwetu, kule uwanda wa Ruzizi, ukishapita Runingu kidogo, na njia nzima nilikuwa na hasira. Mwenye pikipiki aliniuliza kama naenda msibani. Nikamwambia naenda kwenye ngoma. Akacheka, akadhani ni harusi.

Mtoto wa mdogo wangu, msichana mwenye mikono mirefu na kichwa kigumu kama cha nyanya yetu, alikuwa amepigwa. Vijana wa kikundi cha ngoma walimkuta kibandani anapiga ngoma kubwa, wakamchapa kwa fimbo zile zile za ngoma mpaka mgongo ukavimba. Kikundi chetu ni cha wanaume tangu enzi za mababu. Mwanamke haruhusiwi hata kuegemea ngoma. Lakini mdogo wangu si mtu wa kunyamaza, alilia kwa padri, alilia kwa chifu, alilia sokoni, mpaka wakaitisha mkutano: je, kikundi kifunguliwe, wasichana nao wapige? Nami nikaenda, kwa sababu jina la nyanya yangu ndilo wanalolitoa kila mara wanapotaka kukataa.

Ngoja nikueleze habari za nyanya, maana bila yeye hutaelewa kitu.

Mimi nimekulia mahali ambapo kila kitu kilipigwa. Mpunga ulipigwa juu ya gogo hadi punje zikaruka machoni. Muhogo ulitwangwa, nguo zilipigwa kwenye mawe ya mfereji, ng'ombe aliyeingia shamba la mtu alirudi kwao na pembe moja. Na sisi watoto tulipigwa na yeyote aliyekuwa karibu: mwalimu, mjomba, hata jirani ambaye hakutuzaa. Hata leo nikinusa ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wakikaangwa kwa mawese, mate hunijaa mdomoni na mgongo huniwasha, kwa sababu niliwahi kudokoa ndagala jikoni na nyanya hakuwa na mkono mwepesi.

Juu ya vipigo vyote hivyo kulikuwa na ngoma. Ile kubwa nilimwona fahali wa ngozi yake akichinjwa. Alikataa kufa. Aliwaburuta wanaume uwanjani shingo ikiwa imeshakatwa, akamkanyaga mmoja mguu, na damu ikatufikia sisi tuliosimama penye ua. Ngozi waliivuta juu ya mti wa ngoma ingali na joto. Vile vigingi vinavyoizunguka ngozi wanaume waliviita maziwa, katikati ya ngoma ni tumbo, na chini kabisa ni kitovu. Ndivyo walivyofundishana tangu zamani. Nyanya alikuwa akiwaambia wenzake kwenye kinu, "Ngoma iko na maziwa, iko na tumbo, iko na kitovu. Sasa kwangu banaogopa nini?" Wanawake walicheka, lakini chini chini.

Mkuu wa ngoma alikuwa jirani yetu, ua kwa ua. Mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo haikupanda hata anapokuchapa. Kijana akikosea mdundo, fimbo ilitua kwenye goti. Wengi walirudi nyumbani wanachechemea na viganja vinavuja damu, na mama zao wakawapaka mawese. Mwanawe wa kwanza alichapwa kuliko wote, na ndiye aliyepiga vizuri kuliko wote. Sisi wasichana tukisogea kuchungulia, mkuu aliokota jiwe. Hakuwa anatutisha. Dada mmoja wa jirani ana kovu juu ya jicho hadi leo.

Lakini sauti haina ua. Kila mdundo uliovuka upande wetu, nyanya aliupokea kwa mchi. Wanawake watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana, na muhogo ukageuka unga huku wakipiga ngoma ya mavuno au ya msiba jinsi wanaume walivyoipiga, na wakati mwingine vizuri zaidi. Kila mdundo nyanya aliupa maneno ili tusiusahau. Ule wa hatari, ambao wanaume waliupiga wakati wenye bunduki wanapokuja, aliupa maneno haya: acha kinu, beba mtoto. Acha kinu, beba mtoto. Mapigo yalikuwa mazito mwanzoni, kisha ya haraka. Na huo hakuruhusu uchezewe. Nilijaribu siku moja kumtania, akanizaba kofi lililonilaza juu ya unga.

Basi ilikuwa kiangazi, alasiri, jua kali. Wanaume wote walikuwa wamekaa mwisho wa kijiji wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kuna mtu alikuwa anapokea mahari. Mimi nilikuwa uani na mama tunatwanga. Nyanya alikuwa shambani karibu na barabara. Tulimwona anarudi mbio, bila kilemba, bila jembe, na nyanya hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa ameona wenye bunduki wanamfunga mchungaji wa ng'ombe kamba na kutia moto kibanda chake. Alinyakua mchi mkononi mwa mama, akapita penye ua uliobomoka, akaingia uwanja wa mkuu wa ngoma, akaivuta ngoma kubwa nje ya kibanda na kuanza kuipiga.

Acha kinu, beba mtoto.

Wanawake wa kijiji kizima walielewa kabla hajarudia. Niliona mama anamfunga mdogo wangu mgongoni bila kunyoosha kitenge. Waliacha mboga ya sombe motoni, waliacha mpunga juani, wakashuka kwa mafungu hadi kwenye matete ya Ruzizi, na yale matete wakati ule yalikuwa marefu, yangeweza kumeza kijiji. Mama aliniita. Mimi nilikuwa nimemfuata nyanya, nimeganda penye ua.

Wanaume nao walisikia. Walisikia ngoma yao inapigwa kwa mti mzito, na mkono si wa mmoja wao, kwa kuwa wote walikuwa pamoja penye mtungi. Mkuu wa ngoma alitangulia, fimbo mkononi, na mwanawe na wengine nyuma yake.

"Weye mwanamuke," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "nani alikupa ruhusa ya kugusa ngoma?"

"Batu ba bunduki banakuya," nyanya alisema. "Kimbieni mutoni."

Akaendelea kupiga. Mkuu akampiga kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa, na nakuambia sauti ile bado ninayo. Mchi ukaanguka. Nyanya akaendelea kwa mkono mwingine, kiganja kitupu juu ya ngozi. Mkuu akampiga kichwani, akampiga mdomoni, jino likatoka, na wengine wakaja kumsaidia kumpiga bibi kizee mmoja kana kwamba ni fahali. Aliyemshika mkuu mkono alikuwa mwanawe. Alimwambia, "Baba, sikiliza kwanza."

Hawakuwa na muda wa kusikiliza. Risasi ziliingia uwanjani kutoka upande wa barabara, nao walikuwa wamesimama wote mahali pamoja, peupe. Yule kijana alianguka juu ya ngoma. Wengine walianguka pale pale wakijaribu kukimbia. Mkuu alijitupa kwenye mfereji. Nyanya alinishika shingo kwa mkono uliobaki mzima, tukatambaa hadi kwenye matete, damu ya mdomo wake ikinidondokea mgongoni.

Kule kwenye matete hakufa mwanamke hata mmoja, wala mtoto.

Ungedhani walimshukuru. Baada ya mazishi wanaume walikaa, wakasema wenye bunduki walikuja kwa sababu mwanamke aligusa ngoma. Yaani moshi ndio ulioleta moto. Ngoma ile waliichoma, maziwa yake, tumbo lake na kitovu chake, ikapasuka kwa kishindo. Nyanya aliitwa aliyeita kifo. Kifundo chake kilipona kimepinda, hakutwanga tena kwa mikono miwili, na wanawake aliowaokoa walikuja kutwanga naye kwa kujificha. Alikufa na jina hilo. Mkuu wa ngoma alikuwa anaweza kulifuta kwa neno moja, na hakulisema. Nilimchukia utoto wangu wote, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa turudi Jumamosi. Mkuu bado yuko hai. Macho yamekufa, masikio mazima, na mjukuu wake ndiye anayeongoza kikundi. Kijana yule alisimama akasema, "Siku mwanamuke aligusa ngoma, batu balikufa. Batu bote hapa banajua." Mzee mmoja akamtupia mtoto wetu methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikajibu kutoka kwenye kiti changu kwamba siku ile mkuu ndiye aliyekataa kusikia. Minong'ono ikazagaa. Wakaleta suluhu yao: wasichana wakubaliwe, ila wacheze mbele, ngoma zibaki kwa wanaume. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu akaanza kulia kwa hasira.

Nikasimama. Sikutoa hotuba. Nilisema mtoto apige mdundo mmoja tu, ule niliomfundisha mimi juu ya meza yangu Uvira wakati wa likizo, kisha wamfukuze wakitaka. Vijana wakacheka. Mkuu wa ngoma akainua kidole.

"Mumuache apige."

Mtoto akaenda mbele. Aliinua mikono kwa shida kwa sababu ya mgongo, nikaona amekaza meno. Akapiga. Mapigo mazito, kisha ya haraka. Midomo yangu ilifuata yenyewe: acha kinu, beba mtoto.

Nilitazama wanawake. Hakuna aliyesimama. Mama mmoja kijana aliendelea kunyonyesha, mwingine alikuwa anatazama simu. Wangejuaje? Muhogo siku hizi unapelekwa kwenye mashini, na kinu cha nyanya nimekikuta kwa jirani, kimepasuka, kuku wananywea maji humo. Hakuna tena michi inayopokezana, hakuna maneno. Tumefurahi kupumzisha mabega, nami nilifurahi, na hatukujua tunachokiacha ndani ya kinu.

Mtu mmoja tu aliinuka. Mkuu wa ngoma alisimama, akapapasa hewa, akaanza kutembea kuelekea mtoni. Mjukuu wake akamkimbilia, akamshika mkono.

"Tate, ikala chini. Hakuna kitu. Iko mutoto mwanamuke anapiga tu."

Mzee akauvuta mkono wake.

"Ata siku ile minye nilisema vile," alisema. "Ule mwanamuke alipiga mbele ya bunduki kufika. Minye nilisikia muzuri."

Akaendelea kutembea. Mtoto hakuacha kupiga, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwondoa kwenye ngoma, na nadhani hapatakuwa. Lakini mimi sikupiga makofi. Nilikuwa natazama kule alikokuwa anakwenda yule kipofu, kule mtoni, palipokuwa na matete. Yamefyekwa yote, yamekuwa mashamba ya mpunga, peupe hadi kwenye maji.