Mzunguko wa Runyenjes

Kampuni iliyoniajiri Embu ilitaka kuuza pikipiki za umeme, na kazi yangu ilikuwa kukadiria chaji moja ingefika wapi. Tulikuwa na jedwali kutoka ng'ambo, lile ambalo wahandisi huliita mzunguko sanifu: sekunde hii nenda kasi hii, sekunde ile simama, kisha piga hesabu ya umeme uliotumika. Aliyelitunga ni wazi hakuwahi kupanda vilima vya Runyenjes na magunia ya muguka, yale majani ya kutafuna, nyuma. Nikamshauri mkubwa wangu tutunge mzunguko wetu wenyewe. Alikubali papo hapo, nami nikajiona mtaalamu.

Sokoni nilimpata mwendesha boda boda aliyesifika kwa kufikisha muguka mjini kabla haujanyauka. Nikamfungia chini ya kiti kisanduku cha kurekodi mwendo.

"Endesha tu vile huwa unaendesha," nikamwambia.

"Hakuna shida, injinia."

Wiki moja baadaye nilipofungua rekodi, iliyonijia kwa mtandao, nilidhani kifaa kimeharibika. Vilima alivipanda kwa upole, na kila tuta alilisogelea kama mtu anayebisha hodi. Hata askofu hajawahi kubebwa hivyo.

Nikaenda kwake kukitoa kisanduku. Yeye alikuwa shambani. Pikipiki ilikuwa uani. Mkewe alinipa chai, kisha akasimama kati yangu na pikipiki.

"Usikitoe, injinia. Tangu ukifunge, baba watoto anaendesha kama amebeba mayai. Siku hizi hata mimi napanda naye kwenda kanisani."

"Lakini mama, nilitaka mwendo wake wa kila siku."

"Ule uliomvunja mguu?"

Nikamaliza chai na kumwachia kisanduku.

Ofisini nilieleza kwamba takwimu zile hazifai. Mkubwa wangu aliutazama mchoro kwa furaha: kwa mwendo ule, chaji ilitosha siku nzima na kubaki. Kabla ya jioni alikuwa ameagiza vipeperushi.

Pikipiki zilipokuja, zikaanza kuzima vilimani na mizigo yake, na wateja wakatujia juu. Vipeperushi vilikuwa vimeshachapishwa, kwa hiyo ikaamuliwa warekebishwe waendeshaji. Nikatumwa Siakago kuwafundisha wanaume wazima kwenda polepole. Walinisikiliza kwa adabu, wakanywa soda ya kampuni, wakanishukuru mmoja mmoja, kisha wakaondoka wote kwa kasi iliyoniachia vumbi mdomoni.