Sauti ya Koku kwenye Rekodi ya Ta Kalisti

Akili yangu inakataa kabisa. Leo asubuhi nimempigia Koku kumuuliza kama amefika ofisini, simu ikapokelewa na dada yake. Ndipo nikakumbuka.

Kwa msiomjua, Kokushubira alikuwa afisa utamaduni kwenye halmashauri yetu. Mimi ndiye fundi wake wa sauti. Tumezunguka Muleba nzima pamoja, na tumegombana Muleba nzima.

Presha imemchukua juzi. Kesho tunamzika kwao Rubya, kwenye kibanja cha migomba cha baba yake.

Kwenye droo ya meza yake kulikaa kopo la senene wa kukaanga. Ukija na shida unapewa senene kwanza. Ukimaliza kutafuna, shida yenyewe umeisahau.

Mimi nimekulia mjini, Ijuganyondo, Kihaya changu ni cha kuungaunga. Aliniita Mzungu wa Ijuganyondo mbele za watu, hata mbele ya mama yangu, na mama akacheka sana tu.

Kwenye vikao vya bajeti ndiyo usiseme. Kila mwaka fedha za utamaduni zilikuwa zinaishia kwenye fulana za wacheza ngoma wa kupokea wageni. Koku akisimama, wakubwa wanatazama simu zao. Aliwauliza hizo fulana zitamfundisha nani kupiga enanga, ala yetu ya nyuzi, na wazee wanaoijua wanazidi kupungua.

Safari hii serikali ikatoa fedha za kuwarekodi hao wazee. Koku alicheza korido nzima, viatu mkononi.

Tulianza na Ta Kalisti, mzee wa kule Kimwani. Analaza enanga yake mapajani, anagusa nyuzi, huku anaimba habari za vita na mashujaa wa zamani.

Mimi na utaalamu wangu nikaamuru kimya. Simu zizimwe, kuku wafukuzwe, mtu asikohoe. Mzee akapiga kidogo, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Kisha akatutazama.

"Mbona kimya hivi? Kwani hapa kuna msiba?"

Koku akavua viatu, akakaa mkekani mbele yake, akaanza kumwitikia. Ee waitu! Ikawaje? Akawa anacheka, anapiga makofi, anamhurumia shujaa aliyeachwa porini. Mzee akapiga mpaka jua likazama. Sijawahi kurekodi kitu kizuri hivyo, ila njia nzima nilinuna kwamba ameniharibia audio.

Waliopitia kazi yetu kwa niaba ya serikali nao wakataka clean audio. Sauti ya afisa itolewe, la sivyo fedha za wazee waliobaki zitasubiri. Mkuu wetu wa idara akakubaliana nao. Deadline Ijumaa hii.

Koku akagoma. Wiki iliyopita aliniambia, kwa upole ambao si wake kabisa:

"Ukinitoa mimi, watoto watakaosikiliza watadhani Ta Kalisti alikuwa mzee wa kuongea peke yake."

Jana msibani nilimvalisha mkuu headphones. Alisikiliza mpaka mwisho, Koku akicheka masikioni mwake. Akazivua, akafuta macho, akasema tuma hivyo hivyo, maswali yote yaje kwangu. Nimeshatuma. Kama fedha zitakwama tutazipigania, maana kugombana tumefundishwa na bingwa.

Ta Kalisti naye amepiga simu. Kesho baada ya maziko anakuja na enanga yake. Aliniuliza jambo moja tu, nani atamwitikia. Nililia, mtu mzima mimi.

Sasa najibu hapa. Mnaokuja Rubya kesho, mnaojua Kihaya na sisi wa kuungaunga, mzee akianza kupiga tafadhali msikae kimya. Najua ni msiba. Itikieni hivyo hivyo, hata kama mnalia.

Lala, Koku wangu. Kuitikia tuachie sisi.