Ripoti ya Kitanda cha Kumi na Nne

Miaka ishirini na mbili Mama Simu alikaa kwenye chumba kidogo karibu na lango la hospitali, akiunganisha simu za watu waliochanganyikiwa na wodi zisizopokea. Jina lenyewe alilipatia humo. Alikuwa hodari, hilo tusimnyime. Aliweza kumtuliza mtu anayelia huku mkono mwingine ukitafuta namba ya chumba cha upasuaji, na sauti aliyoisikia mara moja hakuisahau. Kisha ikaletwa mashine ya kupokea simu, isiyougua wala kwenda chooni, naye akaambiwa achague: astaafu mapema, au ajiunge na mafunzo mapya ya huduma ya kiroho na tiba ya nafsi yaliyofunguliwa hapo hapo hospitalini. Akifaulu angepewa cheti, chumba chake mwenyewe na kibao mlangoni. Akishindwa mara tatu, afunge virago.

"Wewe ukakae na wanaokufa?" mdogo wake alimwuliza. Waliishi pamoja, wajane wawili katika nyumba ya marehemu mama yao. "Si utawaambia wasubiri kidogo, laini ina shughuli?"

Mama Simu alicheka, na kesho yake akajiandikisha.

Mafunzo yale yalikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi anakaa na mgonjwa mikono mitupu, haandiki wala harekodi. Akitoka ndipo anaandika kila kilichosemwa, neno kwa neno: maneno ya mgonjwa upande huu wa karatasi, yake upande ule, na chini kabisa kile alichohisi moyoni. Ripoti ya mwisho inasomwa mbele ya jopo la watahini, nao ndio wanaoamua. Kukumbuka maneno kwake ulikuwa mteremko. Shida ilikuwa wagonjwa wenyewe, hawakutaka kabisa kuzungumza mambo makubwa. Mmoja alitaka kujua nani alifunga bao la pili. Mwingine alilalamikia blanketi nusu saa nzima. Mama Simu aliyaandika yote kama yalivyo, akayapeleka.

"Iko wapi roho hapa?" msimamizi wa mafunzo alimwuliza. Alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, mwenye kalamu nyekundu isiyokauka wino. "Hapa naona blanketi tu."

"Ndiyo aliyoyasema, Mwalimu."

"Basi hukumsikiliza."

Hiyo ikawa mara ya kwanza kushindwa. Iliuma, kwa sababu kusikiliza ndicho kitu pekee alichokuwa anajua.

Kwa mara ya pili alimchagua mzee wa kitanda cha kumi na nne, fundi kufuli mstaafu ambaye mapafu yalikuwa yamekwisha. Mzee huyu alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa alikuwa nje ya nchi na hakuonekana. Mdogo, mwanamume wa miaka arobaini hivi, alikuja kila siku asubuhi na beseni, taulo na kipande cha sabuni, akavuta pazia, akamwosha baba yake mwili mzima. Alikuwa amefanya hivyo miaka minne nyumbani, akaendelea hospitalini, na wauguzi walimwachia kwa furaha. Mama Simu alikaa na mzee mara nne. Walizungumzia kufuli za zamani na kufuli za siku hizi, ambazo kwa maoni ya mzee zilikuwa takataka. Mara moja tu, mwanawe akiwa ameenda kumwaga maji, mzee aligeuza kichwa akasema: "Huyu kijana anajua joto la maji yangu bila kuuliza." Halafu akarudi kwenye kufuli.

Mama Simu aliliandika lile neno mahali pake. Msimamizi alilipigia mstari mwekundu na pembeni akaandika: mazungumzo ya juu juu. Jopo likakubaliana naye. Mara ya pili hiyo. Karatasi akarudishiwa, akaitupia kwenye bahasha ya mambo yake ya shule.

Sasa alikuwa amekalia kuti kavu. Ripoti ya tatu na ya mwisho ilitakiwa Ijumaa asubuhi. Alhamisi saa sita mchana alikwenda tena kitanda cha kumi na nne, amejipanga kweli kweli, ana maswali aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Akamkuta mfanya usafi anafuta godoro kwa dawa.

"Mzee ameondoka, mama. Kwenye saa tano hivi."

Alisimama pale akiangalia godoro la plastiki likikauka. Ningependa kusema alimhurumia marehemu. Alijihurumia mwenyewe. Kisha akarudi nyumbani, akasogeza nguo zilizopigwa pasi, akakaa mezani, akapika ripoti.

Aliandika kwamba amemtembelea mzee siku hiyo hiyo, saa nne na nusu asubuhi. Mzee akamwambia kuna mlango mmoja maishani mwake ambao hakuwahi kuufungua. Watahini wanapenda mambo kama hayo. Lakini mlango mtupu hautoshi, lazima ndani kuwe na kitu, na Mama Simu alipofika hapo kalamu ilikwama. Chumba cha pili mdogo wake alikuwa akiimba huku anasuka nywele zake. Mama Simu akaisikiliza ile sauti, na kilichokuwa kimemkaa rohoni miaka tisa kikamtoka chote kwenye karatasi.

Kwa maana yeye ndiye aliyemwuguza mama yao. Alimgeuza, alimlisha, alimbadilisha nguo miaka mitatu kabla na baada ya zamu, wakati mdogo wake yuko kwa mumewe. Na siku ya mwisho mama yake, macho makavu, alimwambia jirani aliyekuja kumwona: "Huyu anayeniosha kila siku sijawahi kumpenda. Niitieni mdogo wake." Mama Simu alikuwa pale pale, ameshika kitambaa. Hakumwambia mtu. Mdogo wake mpaka leo hajui.

Sasa maneno hayo akamtia mzee wa kufuli kinywani, akabadilisha tu mwishoni: niitieni kaka yake.

Ijumaa aliisoma mbele ya jopo. Alipofika kwenye maneno yale sauti ilimkatika kweli, kwani yalikuwa kweli, ila hayakuwa ya yule mzee. Mtahini mmoja alivua miwani akafuta macho. Msimamizi akasema, "Leo umesikiliza," na Mama Simu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, alifurahi kama mtoto aliyesifiwa mwandiko. Alifaulu kwa alama za juu. Cheti kikatiwa fremu. Mdogo wake alimshonea kitambaa cha meza cha ofisini na kumwita daktari wa roho wiki nzima.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Mama Simu aliijibu vizuri sana kwenye mtihani wa maandishi: nakala moja ya kila ripoti iliyofaulu hubaki kwenye faili la mgonjwa, na familia ina haki ya kuliomba. Aliijua kwa kichwa. Haikumpitia akilini kwamba inamhusu.

Mwezi wa pili wa kibao chake mlangoni, Jumanne, alibisha hodi mtu. Alikuwa yule mwenye beseni. Safari hii hakuwa na beseni, na mikono yake ilionekana haijui ikae wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema aliomba faili la baba yake kwa jambo dogo tu. Alitaka kujua dakika yenyewe aliyokufa, kwa sababu hakuwapo. Sabuni ilikuwa imekwisha. Alitoka saa nne na nusu kwenda kununua nyingine duka la ng'ambo ya barabara, akakuta foleni, akachukua dakika ishirini au zaidi kidogo, na aliporudi wauguzi walikuwa wamekwisha vuta pazia.

"Ndani nikakuta karatasi yako," alisema. "Nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa najilaumu kwamba nilimwacha akafa peke yake. Kumbe alikuwa anangoja nitoke. Alitaka nafasi aseme."

Bahasha ya shule ya Mama Simu ilikuwa kwenye droo, usawa wa magoti yake. Ndani yake kulikuwa na karatasi yenye mstari mwekundu chini ya maneno tisa ambayo mtu huyu angeyabeba mpaka kaburini kwa furaha. Angeweza kuyatoa. Lakini mgeni angeuliza kwa nini mzee aseme hivi leo na vile kesho, kisha angeuliza tarehe, kisha saa. Cheti kilikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mgeni.

"Ulijisikiaje uliposoma?" aliuliza. Ndivyo alivyofundishwa: usijibu, mrudishie swali.

"Vibaya," alisema yule mtu, kama anayejibu daktari. "Miaka minne, mama. Nilidhani ananyamaza kwa sababu ya mapafu." Akaiangalia mikono yake. "Wewe ndiye uliyemsikia. Alisema kweli, au alikuwa anaweweseka? Watu wakiwa karibu kufa si huweweseka?"

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Neno moja, ndiyo, aliweweseka, na wote wawili wangepumua. Lakini ripoti ilisema mgonjwa alikuwa na akili timamu. Alama kumi alizipata hapo. Na nitasema jambo baya zaidi, kwa kuwa ni la kweli: alipomtazama yule mtu amekaa na maneno yale tumboni, Mama Simu alisikia nafuu. Miaka tisa alikuwa peke yake nayo. Sasa walikuwa wawili.

"Alikuwa na akili zake," alisema.

Yule mtu alitikisa kichwa polepole kukubali. Kisha akauliza sauti ya baba yake ilikuwaje wakati akisema. Mama Simu, asiyesahau sauti, akaikumbuka vizuri sana sauti ya mzee, ilivyokuwa siku ile mwanawe alipokwenda kumwaga maji.

"Tulivu," alijibu. "Laini."

"Asante kwa kukaa naye." Alisimama, akasita. "Naweza kuja tena? Nyumbani sina wa kumwambia."

Mama Simu alifungua daftari la miadi. Magoti yake yaligusa droo, akayarudisha nyuma.

"Jumanne ijayo," alisema, "saa nne na nusu," akamwandika.