Kitotoleshi changu kiliandika BETRI CHINI, mama akaipandisha juu ya kabati

Wakuu, poleni na uchovu, hata mimi ninao.

Naanza na ujinga wenyewe ili wa kucheka acheke mapema: niliandika driver ya betri, yaani programu ya kuisimamia, ambayo nguvu zikiisha, kazi yake kubwa ni kulalamika. Yaliyofuata ni kweli tupu, mashahidi ni kuku.

Mimi ni denti wa form three, nakaa Tura, ng'ambo ya reli. Nyumba zetu zimenyooka mistari tangu zile enzi za ujamaa, ila nguzo za umeme bado tunazisikia tu.

Mdondo ulipita ukafagia kuku wote wa mama. Hata yule jogoo aliyekuwa ananikimbiza nikienda chooni. Huyo sikumlilia.

Bibi yuko Ziba. Akamtumia mama mayai ya kuku wake, mbegu ileile aliyoanza nayo mama alipoolewa. Baada ya hapo ugonjwa ukafika na kwa bibi. Kwa hiyo yakiharibika hayo, mbegu imekwisha.

Kuku wa kuatamia hatuna. Kiherehere changu kikasema nitatengeneza kitotoleshi: boksi la mbao, taa za gari za kutia joto, betri ya gari, sola, na microcontroller, kikompyuta cha kuongoza vyote, ya kuazima klabu ya sayansi.

Kikafanya kazi. Nikawa natembea kifua mbele kama diwani.

Sehemu ya betri niliiandika haraka, Kemia ikinisubiri. Volti zikishuka, zima taa. Zikipanda, washa. Na kwenye kioo kidogo cha boksi litokee onyo, tena kwa Kiswahili ili mama aelewe.

Nikaandika BETRI CHINI.

Naomba msome hayo maneno kama mtu ambaye hajawahi kuona "low battery" maishani mwake.

Mawingu yakatanda, sola haikuambulia kitu, mimi niko shule. Mama anapita, anaona BETRI CHINI. Anainama. Kweli, betri iko chini, sakafuni.

Akaipandisha kwenye stuli.

Maandishi hayakuondoka. Akaipandisha mezani. Bado. Akamwita jirani yetu, Mama Shija, wakaikweza juu ya kabati. Betri ya gari hiyo wakuu, na wamama wawili wenye migongo mibovu. Nyaya niliziacha ndefu, hata hazikuwazuia.

Huku nyuma driver yangu inacheza. Taa ikizimwa, betri inapata pumzi, volti zinapanda kidogo. Driver inaona mgonjwa amepona, inawasha taa. Betri inazirai tena. Kila mara relay, ile swichi ya taa, inalia tak, tak, tak.

Mama akasikia boksi linagonga. Akamwambia mwenzake vifaranga hivyo, vinagonga maganda. Wakatandika mkeka wakawa wanasikiliza. Hawakufungua, wasije wakaingiza baridi.

Niliporudi boksi lilikuwa kimya na mayai yamepoa. Mama akanionyesha kabati. "Tumeipandisha mpaka mwisho, limebaki paa."

Sikuwa na utani wowote, na mnajua mimi nina utani hata msibani.

Mama Shija alikuwa na kuku mmoja aliyeponea mdondo, ndiyo kwanza ameanza kuatamia, tukayasukumia mayai chini yake. Vikatoka vifaranga vitatu. Mayai yaliyobaki niliyazika peke yangu.

Nilichojifunza: driver isisubiri betri izirai ndipo ilie. Ilie mapema, mtu akiwa bado na la kufanya. Pale stesheni kuna duka lenye jenereta, wanachaji betri mchana kutwa. Ikishazima taa, isiwashe mpaka volti zipande za kueleweka, siyo kwa pumzi moja. Nguvu zikipungua, kizimwe kioo kwanza, joto liwe la mwisho. Na onyo limwambie mtu afanye nini, siyo betri inajisikiaje.

Wajuzi, pengo la kuzima na kuwasha mnaliacha la volti ngapi kwa betri ya gari? Matusi nayo nayapokea, ila taratibu, nimechoka.

Mama nilikuja kumweleza maana ya ile "chini". Alikuwa anachambua mlenda.

"Ungeandika ina njaa, baba. Lini umeniambia una njaa nikakuacha?"