Nailoni Juu ya Ramani

Nilikwenda dukani hapa Gitega kununua chaja, mtoto mgongoni. Mbele yangu alisimama rubani wa ndege ndogo, akichagua tableti ya kumwonyesha njia angani. Mwenye duka alimsifia spika na kamera, akamsimulia na habari za mdogo wake anayeishi Muyinga. Rubani akaichukua, akatoka nje, mwenye duka nyuma yake, akaketi juu ya katoni ya sabuni na kuiweka pajani, kama anavyokaa ndani ya ndege yake. Jua lilikuwa kali, likang'aa juu ya nailoni iliyobandikwa kwenye kioo tangu kiwandani.

"Mzee, sioni ramani, naona pua yangu tu. Bandua hii nailoni."

"Apana, patron! Nailoni ikitoka, watu watasema iko ya zamani."

"Nisipoona, nitatuaje?"

"Utazoea. Sisi wote tunaangalia hivyo hivyo."

Rubani akasema kwa upole: "Kesho naruka kwenda Muyinga. Iko kiti kimoja wazi. Twende bure, ukamsalimie mdogo wako."

Mwenye duka akatazama mawingu, akatazama tableti. Akaanza kuibandua nailoni kwa ukucha, polepole, kama anayetoa mwiba mguuni. Alipomaliza, akakifuta kioo kwa shati lake mwenyewe.

"Sasa angalia vizuri, patron. Mi niko na watoto."

Rubani aliiona ramani, akainunua tableti palepale. Mimi nilificha kicheko ndani ya kitenge.

Nyumbani rimoti yetu iko ndani ya nailoni tangu harusi, na namba hazisomeki tena. Nimeiacha hivyo. Hakuna anayetua nayo.